Siku Wazazi Walipokuja Kuhudumiwa

Kabla ya Kisarawe, kazi yangu ilikuwa kuaga watu. Nilikuwa afisa wa wafanyakazi katika hoteli moja ya Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, hoteli yenye ukumbi wa harusi ambao mwisho wa wiki hukosi kusikia matarumbeta. Wageni walikuwepo. Waliokosekana ni wahudumu. Nikimfundisha msichana wa mapokezi, akishazoea kupokea simu bila kutetemeka, anakuja ofisini kwangu amevaa nguo ya kutokea: amepata kazi Dar. Mpishi akishalijua jiko letu, amepata Bagamoyo. Nilikuwa naajiri na kuaga, naajiri na kuaga, mpaka mlinzi wa getini akawa akiona sura ngeni asubuhi ananivuta pembeni na kuniuliza, "Huyu naye wa kukaa au wa kupita?"

Mwenye hoteli alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mlandizi, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu shambani. Sote tulimwita Mama. Alianza maisha kwa kupikia mafundi wa barabara, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na hakuwa mtu wa kushikwa na maneno ya vitabuni. Lakini mwaka huo alialikwa kwenye semina ya watu wa utalii, akarudi na neno moja ambalo lilimkaa mdomoni kama pipi. Uendelevu. Sola ni uendelevu. Kuacha chupa za plastiki ni uendelevu. Alipomkuta mfagizi akichoma majani nyuma ya jiko alimfokea, "Unaniharibia uendelevu wangu!"

Wiki chache baadaye aliniambia, "Ingia kwenye gari, nikuonyeshe kitu."

Tulishuka mpaka Kiluvya, tukakata kulia, tukaiacha lami. Alikuwa anaendesha huku anacheka peke yake. Tukapita mashamba ya mihogo na mikorosho, tukafika mahali ambapo msitu wa Kisarawe unaanza ghafla, kijani kibichi, kimya, na hewa ikabadilika puani. Pale ukingoni alikuwa amenunua shamba. Mafundi walikuwa wameshasimamisha vibanda vya miti na makuti, vimekaa vikitazama bonde.

"Hii itakuwa kambi ya wageni," alisema. "Watu wa Dar watakuja kupumua. Umeme wa jua. Maji ya mvua tunakinga. Na jikoni hakuna mkaa hata kipande. Tutapikia gesi ya samadi ya ng'ombe na mabaki ya chakula. Wewe kazi yako ni watu. Niletee watu."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilikuwa nimezoea kuziba mapengo ya wanaoondoka. Hapa nilipewa mahali pasipo na mtu hata mmoja, naambiwa nianze. Njia nzima ya kurudi Kibaha nilikuwa naongea mimi tu, na Mama anaendesha, anaitikia, "Ehe. Ehe."

Mwanzo wetu haukuwa mzuri. Mama alitaka tuhamishe wahudumu wa Kibaha, kwa sababu walishafundishwa. Tukawahamisha. Mmoja akalalamika kwamba mtandao wa simu unapatikana juu ya kichuguu tu. Mwingine aliamka asubuhi akakuta tumbili amekaa dirishani anakula sabuni yake, akafungasha begi bila hata kunawa uso. Haikupita muda, aliyebaki alikuwa mpishi peke yake, mwanaume mnene wa Tanga ambaye alilipenda lile jiko la gesi kama gari jipya, akalifuta kila saa kwa kitambaa cha pekee.

Mama alikaa kwenye ngazi ya kibanda kimojawapo, mikono imeshika kichwa. "Nimejenga pazuri, hakuna wa kukaa."

Ndipo nikamwambia nililokuwa nalo moyoni tangu siku ile ya kwanza. "Mama, wewe uendelevu wako ni sola na samadi. Wangu mimi ni mtu ambaye mwakani nikija bado nitamkuta. Na mtu wa namna hiyo kwao ni hapa hapa. Tuajiri kijijini."

"Hawajui kazi."

"Mimi ninayeajiri kila mwezi ndiyo nishindwe kufundisha mara moja?"

Akainuka kwenye ngazi. Kisha akasema, "Haya. Jaribu."

Tukaomba nafasi zitangazwe msikitini baada ya sala na kwa mwenyekiti wa kijiji. Siku ya usaili walikuja vijana wa kiume wengi, wamepiga pasi, wamechana nywele. Nilipata watunza bustani, walinzi, na vijana wawili wanaoujua msitu kwa njia zake za miguu. Lakini sikumwona msichana hata mmoja. Mpaka mchana, watu wanatawanyika, nikamwona mmoja amesimama mbali karibu na tangi la maji, amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi, anavunja vunja kijiti vidoleni.

Nikamfuata. "Karibu mdogo wangu. Mbona huku pembeni?"

"Shikamoo dada. Eti kazi za wasichana zipo?"

"Marahaba. Zipo tele. Wenzako wako wapi?"

"Wamezuiwa nyumbani. Wanasema hotelini si mahali pa mtoto wa kike."

"Na wewe hukuzuiwa?"

Akaangalia chini. "Mimi baba hajui kama nimekuja."

Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasaidia dukani kwao, na alipoongea alinitazama usoni moja kwa moja. Nilimtaka yule binti kuliko wote niliowaona siku ile. Lakini nilijua nikimchukua kwa kificho, kijiji kizima kitanifungia mlango.

"Sitakuajiri mpaka baba yako ajue," nikamwambia. Macho yakaanza kumjaa maji. "Kwa hiyo twende kwake. Sasa hivi."

"Sasa hivi?"

"Tangulia."

Baba yake alikuwa na duka dogo la vitu vya nyumbani na alinunua korosho msimu ukifika. Tulimkuta anapima sukari. Alimwona bintiye, akaniona mimi nyuma yake na kitambulisho cha hoteli shingoni, na nadhani alielewa kila kitu kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu." Akanipa kigoda. Alikuwa mtu mpole, kofia nyeupe safi, na huo upole wake ndio uliofanya iwe vigumu. Angefoka ningejua la kufanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini hoteli ni vyumba. Hoteli ni pombe. Binti yangu nimemlea mimi, leo nikamkabidhi kwa watu wanaokuja na kuondoka? Nitawaambia nini watu?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma ya pazia la mlango wa ndani. "Muulize atarudi saa ngapi!"

Alikuwa bibi wa yule binti, mama mzazi wa mwenye duka. Hakutoka. Aliuliza akiwa kule kule ndani, na maswali yake yalikuja kama mvua ya mawe. Atarudi saa ngapi? Nani atamrudisha? Mtandio atavuliwa? Akitaka kusali atasalia wapi? Pombe ataibeba? Mgeni akimsumbua atamwambia nani, na huyo atakayeambiwa ni mwanamume au mwanamke?

Mengine niliyajibu. Mengine sikuwa nimeyafikiria. Miaka yote ile Kibaha hakuna aliyewahi kuniuliza mhudumu wangu anarudi vipi nyumbani usiku. Anarudi tu. Anapanda bodaboda, anarudi.

"Bibi," nikasema kuelekea pazia, "nipe siku chache nikuletee majibu."

"Yalete," pazia likajibu.

Nilitoka pale kama mtu aliyefunuliwa mtihani wake wote kabla ya siku ya kuufanya. Yule bibi alikuwa amenieleza, bila kujua, kwa nini wasichana wangu wa Kibaha walikuwa wakiondoka. Niliwahesabu kichwani. Huyu aliondoka baada ya kukabwa akitoka zamu ya usiku. Huyu baada ya mgeni mlevi. Huyu mumewe alichoka kumsubiri. Walipokuja kuniaga walisema tu wamepata sehemu nyingine, na mimi niliamini kwamba wanakimbilia mjini.

Nikampelekea Mama. Nilimkuta Kibaha, ukumbini, anakagua mapambo ya sherehe. Nikamwambia: wasichana wanaokaa kwao wamalize zamu kabla ya magharibi, na gari la kambi liwarudishe mpaka mlangoni. Zamu za usiku wafanye wanaotaka, wenye vyumba vyao pale pale. Sare iwe ndefu, na mtandio uwe sehemu ya sare. Pawe na chumba cha kusalia. Asiyetaka kubeba pombe asibebeshwe. Na kila mmoja ajue kwamba akisumbuliwa anakuja kwangu, na neno lake linasikilizwa kwanza.

Mama akaweka chini maua. "Haya ni masharti ya kazi au ya posa?"

"Ni masharti ya bibi mmoja nyuma ya pazia."

Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akawa anapangusa pangusa petali mezani kwa kiganja. "Mimi nilipokuwa napikia mafundi," akasema, "nilikuwa natembea gizani na sufuria kichwani. Nilikuwa naimba kwa nguvu ili nisiogope." Akainua uso. "Gari litakuwepo. Lakini hao wazazi wataamini maneno yako?"

"Hawataamini," nikasema. "Ndiyo maana nataka waje waone. Tuwape hao mabinti mafunzo, wakiruhusiwa kwa majaribio tu, mchana. Mwishoni tuwaite wazazi waje kambini wawe wageni wetu wa kwanza. Wahudumiwe na watoto wao wenyewe."

Nikaona wazo lilivyomwingia. Lilianzia machoni, likashuka mpaka mikononi, akaanza kuzungusha pete yake. "Na vitambaa vyeupe mezani," akasema.

"Na vitambaa vyeupe."

Nilirudi dukani na majibu. Bibi aliyasikiliza nyuma ya pazia mpaka mwisho, kisha akasema, "Mafunzo aende. Kazi tutaona." Baba akainua mikono kama anayesema mimi sina sauti katika nyumba hii. Na yule binti alipokubaliwa, wenzake wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mmoja na mama au shangazi yake pembeni, mpaka nikawa na kundi zuri la wasichana.

Sijawahi kufurahia kazi kama majuma yale. Tuliwafundisha kutandika kitanda mpaka shuka linyooke kama maji. Tuliwafundisha kubeba trei yenye bilauri za maji, wakizunguka vibanda huku vijana wa bustani wanawachekesha makusudi ili wayumbe. Mpishi aliwafundisha jiko. Alilipenda kuliko lolote somo la gesi: aliwapeleka mpaka kwenye shimo la samadi, akawaonyesha mabaki ya ugali na maganda yanavyoingia, bomba linavyopita, kisha akarudi nao jikoni, akafungua kifungo, akawasha. Mwali wa bluu ukaruka. Wakapiga kelele. "Hii ni ndizi mliyoila jana," aliwaambia, "inatupikia wali wa leo." Na mboga tuliamua zitoke karibu: mihogo na mananasi ya pale pale Kisarawe, nyanya na mchicha wa wakulima wa Janga, upande wa kwao Mlandizi, ambao Mama aliwafahamu tangu utotoni.

Siku ya wazazi ikafika. Asubuhi mawingu yalikuwa yametanda lakini hatukuyajali. Wakaja wamevaa vizuri kabisa, kina baba na kanzu, kina mama na khanga mpya zenye harufu ya dukani bado. Bibi wa pazia ndiyo nilimwona kwa mara ya kwanza: kadogo, kamekunjamana, kameshika fimbo, macho makali. Nikamwamkia, akanishika mkono na kunizungusha kama anayekagua kitambaa. "Kumbe ndiye wewe," akasema. "Nilidhani ni mtu mkubwa."

Tukawakalisha. Nilisimama nyuma ya nguzo karibu na Mama, sote tumekunja mikono. Yule binti wa duka ndiye aliyepewa meza ya baba yake. Akaja na trei, mgongo wima, sare ya kijani na mtandio wa rangi moja, akasimama mahali tulipomfundisha.

"Karibu sana, mheshimiwa. Ungependa juisi ya nanasi au ya ukwaju?"

Baba akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine. "Mimi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Unaniita mimi mheshimiwa?"

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema binti, na tabasamu likaanza kumtoka kwenye pembe ya mdomo, akalizuia.

Meza nzima ikacheka. Baba akarekebisha kofia, akakaa vizuri, akakohoa. "Basi niletee ya ukwaju," akasema kwa sauti nzito. Halafu akaongeza polepole, "Mheshimiwa."

Mama akanifinya mkono mpaka nikauma meno.

Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa mpaka mama mmoja alipouliza mbona jikoni hakuna moshi. Binti mmoja, kwa furaha yake, akajibu, "Tunapikia mavi ya ng'ombe!"

Vijiko vilibaki hewani. Wali wenyewe ulikuwa umeshatua mezani, unafuka mvuke. Mpishi akatoka jikoni akisikia kimya, akaona sura zile, akaanza kueleza gesi na bomba na shimo, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kusogeza sahani mbali.

Bibi akasimama. Akagonga fimbo mpaka jikoni, na sisi sote nyuma yake. "Washa," akamwambia mpishi. Mpishi akawasha. Bibi akainama, akauangalia mwali, akanusa, akasogeza kiganja karibu, akanusa tena. Akainuka.

"Maisha yangu yote nimepuliza kuni mpaka macho yameharibika," akasema. "Na hizo kuni mbuzi walikuwa wanazikojolea, mlikula, hamkuuliza." Akageuka. "Nirudishieni kiti changu, chakula kinapoa."

Wakala. Wakaomba kuongezwa. Na hapo ndipo mvua ikashuka.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja, msitu ukapotea machoni, makuti yakawa yanaunguruma. Tukiwa tunahamisha meza za pembezoni, mlinzi akaja mbio. Nyuma yake kulikuwa na watu wanasukuma baiskeli, wamelowa chapachapa, matope mpaka kwenye nyusi. Walikuwa waendesha baiskeli kutoka Dar, wanaume kwa wanawake, walioingia njia za msituni asubuhi na mvua ikawakuta. Mmoja wao, dada mwembamba, alikuwa anatetemeka na midomo imekuwa ya kijivu.

"Samahani," kiongozi wao akasema, "tumeona paa. Mko wazi?"

Mama akanivuta. "Hatuko wazi," akaninong'oneza. "Hawa ni watu wa kuandika mitandaoni. Wakikuta mambo nusu nusu tumekwisha kabla hatujaanza. Waelekeze mjini Kisarawe."

"Kwa mvua hii?"

Wakati sisi tunabishana, yule binti wa duka alikuwa ameshapita katikati yetu na rundo la taulo. Hakuuliza mtu. "Karibuni ndani. Baiskeli ziacheni hapa, vijana watazifunika. Viatu hapa. Wewe dada njoo huku." Wenzake wakamfuata kama waliopangwa. Nikaangalia nyuma kwa wazazi, nikaona kitu ambacho sikukipanga: walikuwa wanasimama. Kina baba walikuwa wanainuka kwenye viti vyao na kuvigeuza kwa wageni. Baba wa dukani alishika kiti kwa mikono miwili na kumwekea kiongozi wa baiskeli. "Kaa, bwana, kaa. Pole na mvua."

Bibi alikuwa ameshamfikia yule dada anayetetemeka. Alivua khanga yake ya juu, ile mpya, akamzungushia, akamkalisha karibu na mlango wa jikoni penye joto, akaanza kumsugua mikono. "Mwili wenyewe huna," akawa anamgombeza, "halafu unapanda baiskeli porini."

Chakula kilikuwa cha wazazi, na wazazi walikuwa wamekula. Mpishi akafungua masufuria, akanionyesha. Kilichobaki kisingetosha nusu yao. Kabla sijasema neno, kina mama walikuwa wameshaingia jikoni, wamekunja mikono ya magauni, wanatafuta visu. Mpishi akajaribu. "Jamani, humu hairuhusiwi kuingia bila kofia ya..." Mama mmoja akamwangalia tu. Mpishi akaenda kuleta kofia za wote. Wakamenya mihogo, wakakuna nazi, wakapika mihogo ya nazi na samaki aliyebaki, na wakati huo mabinti wanapeleka chai ya tangawizi, trei zimejaa, hawayumbi, hawamwagi, na mvua inapiga ngoma juu yetu. Nilipita na mafurushi ya taulo mbichi mikononi na nilikuwa nacheka peke yangu. Niliwahi kuendesha harusi za mamia ya watu pale Kibaha na sikuwahi kuhisi nyumba imeshikana namna ile.

Mama alisimama katikati kwa dakika moja, akitazama. Kisha akavua viatu vyake vya kisigino, akaingia jikoni, akasema, "Nipeni mbuzi ya nazi, nyie hamjui kukuna."

Mvua ilipopungua, wageni walikuwa wameshiba na wamekauka kiasi. Kiongozi wao akatoa pochi. Mama akakataa katakata. "Leo hamkuwa wageni wangu," akamwambia. "Mmekula kwa wazazi hawa. Washukuruni wao." Wakazunguka wanawapa mikono wote, na yule dada mwembamba akataka kuvua khanga arudishe. Bibi akamzuia. "Nenda nayo. Ukija tena uje umenenepa." Waliuliza kambi inafunguliwa lini. Mama akanitazama, mimi nikamtazama binti, binti akajibu bila kupepesa macho, "Wiki ijayo, inshallah. Karibuni mlale." Ndiyo kwanza na sisi tunasikia tarehe yetu ya kufungua.

Baba wa dukani alingoja mpaka wageni wameondoka. Akaja tulipokaa, mimi na Mama, hoi, miguu juu ya viti. Tulikaa vizuri haraka.

"Nimeona," akasema. Alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake. "Sikujua kama mtoto wangu anaweza kuamuru watu wazima wavue viatu na wakavua." Akacheka kidogo. "Nyumbani hata kuku hawamsikilizi." Kisha akawa mkavu tena. "Lakini hilo gari la kuwarudisha, mimi nataka nilione kwa macho yangu."

"Lipo nje, baba," nikasema. "Na linaondoka sasa, kabla ya magharibi. Panda nao."

Wakapanda wote, wazazi na mabinti, wamebanana, khanga zimelowa, wanaimba nyimbo za harusi. Gari lilipokuwa linashuka mteremko nilikuwa bado nawasikia. Mama akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu. "Watu tumepata!" akasema.

Kambi ilifunguliwa wiki iliyofuata, kama binti alivyoahidi. Waendesha baiskeli walirudi, wakaleta wengine. Si kila kitu kimekuwa asali. Mmoja wa wale mabinti aliolewa Dutumi akaacha kazi, tukacheza kwenye harusi yake. Mwingine alipata nafasi ya chuo, tukamchangia nauli. Tumbili wanaendelea kuiba sabuni. Lakini wanaoondoka sasa wanaondoka kwenda mahali, hawatukimbii, na akiondoka mmoja mdogo wake anakuja kuuliza nafasi, na baba yake akiwa mbele.

Na Mama, bila kuniambia, alichukua masharti ya bibi akayapeleka Kibaha. Siku moja nilikuta gari linasubiri wahudumu wa zamu ya jioni nyuma ya hoteli. Chumba cha kusalia kikafunguliwa pembeni ya ukumbi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, yule mlinzi wa getini akaanza kuwajua watu kwa majina.

Mwezi huu tumefanya jambo ambalo zamani ningelicheka. Wahudumu wapya wa Kibaha tumewapakia basi na kuwapeleka Kisarawe wakafundishwe. Walishuka wakitazama msitu kwa mashaka, simu zimeinuliwa juu kutafuta mtandao. Yule binti wa duka sasa ndiye msimamizi wa huduma. Alikuwa anawasubiri kwenye ngazi na funguo kiunoni, na alipomwona mmoja amesimama pembeni anatafuna kucha, akamwita aje mbele kabisa. Kisha akakunja mikono ya sare yake, akasema, "Kabla hamjashika trei hata moja, twendeni kwanza mkaone moto wetu unatoka wapi," akageuka na kuwaongoza kwenye shimo la samadi, na mimi nikafuata nyuma nikiharakisha, maana sikutaka kukosa sura zao.